Kwa nini mguu wa huyu, na si wa yule? Homoni na mikrobi za ngozi

Hakuna katekista wa kijiji asiyekwisha kuitwa kwa mtu mwenye mguu uliovimba. Jana mtu huyo alilima vizuri. Leo anatetemeka kwa homa, mguu mmoja umejaa toka kifundo mpaka goti, ngozi ni ya moto na inang'aa, na kinenani kuna tezi inayouma ikiguswa. Watu wa nyumba hawaulizi ni ugonjwa gani. Wanauliza ni nani: nani aliyetega dawa njiani, ndugu yetu akaikanyaga? Infirmiye akisema ni mikrobi, wanamjibu kwa akili kabisa: «Mikrobi ziko katika njia ya watu wote. Sisi wote tunapita pale kisimani, sisi wote tunakanyaga matope yale yale. Basi, kwa nini mguu wa huyu, na si wa yule?»

Wasomaji wetu wasicheke ulizo hilo. Anayejifunza filosofia anajua ya kuwa kutaja sababu moja si kumaliza sababu zote. Mikrobi ni sababu ya kweli, lakini haitoshi peke yake kufasiria kwa nini mtu mmoja anashikwa mara tatu katika mwaka mmoja, na jirani yake hashikwi hata mara moja. Tukikaa kimya, mfumu atajibu mahali petu, na jibu lake tunalijua: atataja jina, na mara nyingi jina hilo ni la mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Kwa hiyo tunataka kuonyesha hapa ya kuwa sehemu kubwa ya jibu inapatikana ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, na hasa katika zile nguvu zilizofichika ambazo waganga wanaziita homoni.

Mlango na walinzi

Ugonjwa tuliousimulia unaitwa erisipeli. Jina ni la Kigiriki, na maana yake ni ngozi nyekundu. Kwetu jina hilo linadanganya, kwani juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani vema. Ngozi inazidi kuwa nyeusi ao inageuka rangi ya zambarau, na inakazwa kama ngozi ya ngoma. Ni afadhali kugusa kuliko kutazama: weka mgongo wa mkono wako juu ya mguu mmoja, kisha juu ya mwingine, ulinganishe moto wake. Mikrobi inayoleta erisipeli ni streptokoki. Katika mikroskopi chembe zake zinaonekana zimeshikana moja nyuma ya nyingine kama shanga za rozari. Ndugu yake, stafilokoki, hukusanyika kama zabibu katika kishada. Huyo ndiye mwenye kuleta majipu na usaha.

Mikrobi hizo mbili hazipiti katika ngozi nzima. Zinatafuta mlango. Mlango huo unaweza kuwa kidonda cha jembe, tundu la funza, mahali mtu alipojikuna sababu ya upele; lakini mara nyingi sana ni ufa mdogo kati ya vidole vya mguu, pale ngozi inapokuwa nyeupe na laini kwa unyevu, na kuvu inaila polepole. Mtu hauoni ufa huo kuwa ugonjwa. Anauona siku ya kujikuna tu. Tungependa kila anayeitwa kwa mguu uliovimba aanze kwa kufungua vidole vya mgonjwa kimoja kimoja.

Nyuma ya mlango wako walinzi: chembe nyeupe za damu, ambazo hukimbilia mahali palipojeruhiwa na kumeza mikrobi, tena mishipa inayopeleka damu safi na kurudisha maji machafu. Mahali ambapo maji hayarudi, mikrobi zinastarehe. Ndiyo maana wenye miguu minene kwa filaria, ao kwa kutembea bila viatu miaka mingi katika udongo wa volkano, kama inavyoonekana katika Rwanda na Uganda, wanashikwa mara kwa mara, hata ikiwa homoni zao ni nzima. Hatusemi, basi, kwamba homoni ni sababu ya kila mguu. Tunasema kwamba ndizo zinazotoa amri kwa walinzi wengi wa mwili, na amri ikiharibika, ulinzi unalegea.

Neno lenyewe si la zamani. Ni munganga Mwingereza Ernest Starling aliyelitumia kwanza katika mwaka 1905, akalitoa katika tendo la Kigiriki lenye maana ya kusukuma, kuamsha. Homoni ni mjumbe. Inatoka katika tezi, inaingia katika damu, inakwenda mbali na kuamuru kiungo fulani: fanya haraka, ao pole, kamata sukari, ao iache. Ni kiasi kidogo mno, lakini mwili mzima unatii.

Sukari

Homoni ambayo upungufu wake unaharibu miguu zaidi ya zote ni insulini. Wanaseminari watalitambua neno la Kilatini *insula*, kisiwa. Mwaka 1869 Mjerumani Paul Langerhans aliona ndani ya pankreasi vikundi vya chembe vilivyotengwa kama visiwa katika ziwa, naye hakujua kazi yao. Katika mwaka 1921, kule Toronto katika Kanada, Frederick Banting na Charles Best walitoa katika pankreasi ya mbwa ile dawa iliyoitwa baadaye insulini, na katika Januari 1922 kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa akapata sindano ya kwanza. Mbele ya siku ile, mtoto mwenye ugonjwa wa sukari alingojea kifo tu.

Kazi ya insulini ni kufungulia sukari mlango wa kuingia katika chembe za mwili. Ikipunguka, ao mwili ukikataa kuisikia, sukari inabaki katika damu, na hapo miguu inapatwa kwa njia tatu pamoja. Kwanza, chembe nyeupe zinakuwa vivu: zinachelewa kufika na hazimezi mikrobi vizuri. Pili, mishipa midogo ya damu inazibika, na dawa yenyewe, ikiwa imemezwa, haifiki kule chini. Tatu, na hii ndiyo mbaya zaidi, neva za miguu zinakufa. Mtu hasikii tena. Msumari unatoboa kiatu na kuingia katika wayo, naye anatembea nao toka asubuhi mpaka jioni. Anaota moto, mguu unaungua, naye ananusa mbele ya kusikia. Waganga wa zamani waliita kidonda kinachotoboa wayo hivyo *malum perforans*, na jina lilifaa.

Kukosa maumivu, watu wanakufasiria vibaya. Mgonjwa anasema: «Hakuniumi, basi si kitu.» Jamaa wanasema: «Kidonda kikubwa namna hii bila maumivu, hiki si kidonda cha Mungu.» Wote wanakosea kwa sababu ile ile. Kidonda kisichouma juu ya mguu kingepasa kutuogopesha kuliko kile kinachouma. Kinaweza kuwa cha ugonjwa wa sukari, kinaweza kuwa cha ukoma, kinaweza kuwa cha ule ugonjwa wenye jina la Buruli. Katika mambo hayo yote njia ni ya lopitali.

Ugonjwa wa sukari wa watu wazima huja polepole. Alama zake ni kiu, kukojoa mara nyingi usiku, kukonda ao kuchoka bila sababu. Lakini wengi hawana alama hata moja, na mguu ndio unaokuwa wa kwanza kusema. Kwa hiyo tunatia mkazo hapa: mtu mzima aliyepatwa na erisipeli, ao na majipu yanayorudi, ao na kidonda kisichopona, apimwe sukari ya damu. Ni tone moja la damu la kidole, na dispanseri nyingi za misioni zinaweza kufanya. Ikiwa asubuhi mbele ya kula ni miligramu 126 katika desilita ao zaidi, na ikapimwa siku nyingine ikawa vile vile, ugonjwa umejulikana. Wakuu wa wafumu wote hawawezi kutoa jibu wazi namna hiyo kwa ulizo «kwa nini huyu?».

Tuongeze jambo moja ambalo mara nyingi linasahauliwa. Mikrobi nayo inazigeuza homoni. Mwili ukiwa na homa kali, tezi zilizo juu ya figo zinatoa adrenalini na kortizoli nyingi kwa kupigana, na hizo mbili zinashindana na insulini. Sukari iliyokuwa imetulia inapanda ghafula. Ikipanda, walinzi wanalegea. Wakilegea, mikrobi zinaongezeka. Duara hiyo inaweza kuua mtu katika siku chache. Mgonjwa wa sukari ambaye mguu wake umeshika moto asingojee Jumatatu.

Dawa za sokoni

Tumetaja kortizoli. Hiyo ni homoni ya ganda la tezi za juu ya figo. *Cortex* katika Kilatini ni ganda la mti, na ndilo lililozaa jina kortizoni. Katika mwaka 1948 munganga Philip Hench, katika Marekani, aliwapa kortizoni wagonjwa wa rumatisma ambao viungo vyao vilikuwa vimekauka, nao wakainuka na kutembea. Dunia ikashangaa; katika 1950 yeye na wenzake wawili wakapewa zawadi ya Nobel. Lakini Harvey Cushing alikuwa amekwisha kuandika katika 1932 juu ya watu ambao miili yao inatengeneza homoni hiyo kupita kiasi: uso wa mviringo, tumbo nene na mikono myembamba, ngozi nyepesi kama karatasi yenye michirizi, vidonda visivyopona. Waliopewa dawa nyingi wakaanza kufanana nao.

Leo hatuhitaji kwenda Marekani kuona mambo hayo. Deksametazoni na prednizoloni zinauzwa kwa vidonge sokoni, kando ya chumvi na sabuni. Wako wanaozimeza ili wanenepe na kuonekana wenye afya. Wako wazee wanaozimeza kila siku kwa maumivu ya magoti, kwa shauri la muuzaji. Na wako, wanawake na hata vijana wanaume, wanaojipakaa mafuta ya kuchubua ngozi. Mengi ya mafuta hayo yana klobetazoli, mojawapo ya kortizoni kali kuliko zote, ambayo munganga wa ngozi anaitoa kwa kiasi kidogo, mahali padogo, kwa siku chache. Anayejipaka mwili mzima asubuhi na jioni kwa miaka mingi hapaki ngozi tu: dawa inapita, inaingia katika damu.

Matokeo yake juu ya miguu ni haya. Ngozi inapunguka unene na kupasuka kwa jambo dogo. Choa na kuvu zinaenea bila kuonekana, kwani kortizoni inaficha wekundu na mwasho. Mtu anaongeza mafuta na kuvu inashukuru. Chembe nyeupe zinakatazwa kufanya kazi, na homa yenyewe inaweza kufichwa, hata mguu ukaoza chini ya ngozi nzuri. Tena sukari inapanda. Waganga wa ngozi katika inchi kadha za Afrika wamelinganisha wagonjwa wa erisipeli na watu wengine, wakaona kwamba kuchubua ngozi ni moja ya mambo yanayoongeza hatari, pamoja na unene kupita kiasi, miguu yenye kuvimba siku zote, na ule ufa wa kati ya vidole.

Kwa maoni yetu, mahubiri makali juu ya majivuno ya wanawake hayatasaidia sana hapa. Mama anayejichubua hataki kumkataa Muumba. Ameambiwa tangu utoto ya kuwa weupe ni uzuri, na kazi ya kumfundisha kinyume chake ni ndefu. Aambiwe kwanza habari ya mguu wake, hiyo ataisikia. Lakini asiambiwe kuacha kwa siku moja. Jambo hili ni la hatari, na wengi hawalijui: tezi za juu ya figo, zikiona homoni inakuja kutoka nje kwa wiki nyingi, zinalala. Vidonge ao mafuta makali yakikatwa ghafula, mwili unabaki bila kortizoli. Mtu anatapika, nguvu zinamwishia, anaweza kuanguka na kufa. Apelekwe kwa munganga, apunguziwe kidogo kidogo.

Majira ya mwili

Yako mageuzi ya homoni ambayo si ugonjwa, ni majira tu. Kijana wa miaka 13 mpaka 17 anatoa mafuta na jasho jingi kwa amri ya homoni za kiume. Vinyweleo vinazibika, na vipele vya usaha vinatokea usoni, pia mapajani na matakoni. Mlezi wa seminari ndogo asione mara moja uchafu ao dhambi. Aangalie afadhali kama vijana wanaazimana wembe, taulo na viatu vya mpira wa miguu, kwani hapo ndipo stafilokoki inapotembea toka kitanda mpaka kitanda.

Mama mwenye mimba ana homoni zinazolegeza mishipa ya damu. Damu inakawia miguuni, miguu inavimba jioni. Tena kondo la nyuma linatoa homoni zinazoshindana na insulini, na wamama wengine wanapata ugonjwa wa sukari wakati wa mimba tu. Apimwe kliniki. Uvimbe wa miguu yote miwili pamoja na kichwa kuuma na macho kuona giza si mikrobi: ni alama ya damu kupanda, naye akimbizwe lopitali. Mguu mmoja unaovimba na kuuma katika siku za nyuma ya kuzaa unaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Unafanana na erisipeli, lakini kuukanda kunaweza kuua.

Kwa wanawake waliokoma hedhi ngozi inakauka na kuwa nyepesi, kwani homoni ya kike imepunguka. Mafuta ya mawese ao ya vaselini juu ya magoti, miundi na visigino yanasaidia. Wenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo wana ngozi kavu, baridi, yenye nyufa. Kivu inajulikana sana kwa goita, hasa kisiwa cha Idjwi, ambako chakula kilikosa iode; chumvi yenye iode ndiyo dawa.

Maulizo ya mapadri na wakatekista

Wako wanaokataza lopitali kwa kutaja mfalme Asa. Kitabu cha Pili cha Nyakati, sura ya 16, kinasimulia ya kuwa aliugua miguu katika uzee wake, akatafuta waganga bila kumtafuta Bwana, akafa. Fungu hilo linapendwa sana katika vikundi fulani vya maombi. Lakini tusome sura nzima. Asa alikuwa amekwisha kutwaa hazina ya hekalu kwa kununua urafiki wa mfalme wa Siria, na kumfunga nabii aliyemwonya. Kosa lake ni kuutegemea mwili tu, toka mwanzo mpaka mwisho, na habari ya waganga ni tawi la mti huo. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anaagiza mambo yote mawili kwa mpango wake: mgonjwa asali, ajitakase, kisha ampe munganga nafasi, kwani naye ameumbwa na Mungu. Na wanafunzi walipouliza mbele ya kipofu ni nani aliyetenda dhambi, Bwana wetu alikataa ulizo lenyewe. Katekista anayeitwa kwa mguu uliovimba anaweza kusali na kunyunyiza maji ya baraka; halafu amtafutie mgonjwa mtu wa kumbeba mpaka dispanseri, siku ile ile.

Kule atapewa penisilini ao dawa inayofanana nayo. Atalazwa mguu ukiwa umeinuliwa juu ya mto. Atatazamwa kama ana chanjo ya pepopunda. Mbele ya kufika, asikatwe chale, asipigwe chuku, mguu usikandwe wala kuchomwa kwa majani ya moto. Asipewe pia vidonge vya diklofenaki ao ibuprofeni kwa kupunguza uvimbe, kwani waganga wanaogopa kwamba dawa hizo zinasaidia mikrobi kuoza nyama kwa haraka. Kwa homa parasetamoli inatosha. Ngozi ikigeuka nyeusi na baridi, ikitoa malengelenge ya damu, ao maumivu yakipita kiasi, asikawie hata saa moja.

Liko pia ulizo la kufunga. Mgonjwa wa sukari anayekamata insulini ao vidonge vya kushusha sukari, kisha akafunga siku tatu bila kula wala kunywa kama vikundi vingine vinavyoagiza, anaweza kuzimia na kufa kwa sukari kushuka. Sheria ya Kanisa haimwombi hivyo. Kanuni ya 1252 inawafunga watu wazima mpaka mwanzo wa mwaka wa 60, na wataalamu wa morali wamefundisha siku zote kwamba wagonjwa hawamo. Mwenye wasiwasi wa dhamiri amwendee paroko wake, ambaye kwa kanuni ya 1245 anaweza kumsamehe ao kumbadilishia tendo. Anaweza kumpa, mathalan, kutembelea wagonjwa wengine, ikiwa miguu inamruhusu. Na juu ya saa moja ya kufunga mbele ya Komunyo, kanuni ya 919 ni wazi: wazee na wagonjwa, pamoja na wale wanaowatunza, wanaweza kupokea Ekaristi hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Mgonjwa anayesikia sukari inashuka wakati wa Misa, yaani anatetemeka na kutoka jasho baridi, amumunye sukari papo hapo katika benchi, bila haya, kisha aende kupokea.